Kucha za Kiambere

Ukitaka kumkasirisha Hinda, mwambie chai yake imepungua iliki. Ukitaka kumfurahisha, mwite Mmeru. Kwao ni Isiolo, Wasomali wa ngamia na biashara, lakini tangu Abdiqani amuoe na kumleta Kinoru, mjini Meru, amekaa mpaka Kimeru kimemwingia mifupani. Akigombania bei ya viazi, anagombana kwa Kimeru. Akihesabu sambusa, anahesabu kwa Kisomali. Na akikutana na mtu asiyejua lugha yoyote kati ya hizo mbili, Kiswahili kinatoka, na hicho ndicho kikali kuliko vyote.

Kibanda chake kiko nyuma ya uwanja wa mpira. Asubuhi anakaanga sambusa na mahamri, mchana anapika chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukwaruza koo, na siku ya mechi mashabiki wanamwimbia jina. Ubavuni mwake yupo Makandi, Mama Gikunda, anayeuza ndizi na parachichi. Wamekaa bega kwa bega tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa mgongoni. Makandi ni mwimbaji wa kwaya ya Methodisti na ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Hinda anamwambia kila Jumapili apunguze, na kila Jumapili Makandi anapandisha. Huo ndio urafiki wao, na msiuguse.

Lakini hata mtu wa kicheko ana mahali pasipochekwa. Hinda alipomaliza shule aliitwa chuo cha ualimu. Barua ilikuja, sanduku likanunuliwa, na wiki hiyohiyo mama yake akashikwa na kifua. "Kaa nami muhula mmoja tu," mama akamwambia, amemshika mkono. Hinda akakaa. Mama akapona, akanenepa, akaishi mpaka akaona wajukuu, akaja kufa uzeeni na meno yake yote mdomoni. Na chuo? Chuo hakikungoja. Si kwamba Hinda anajutia maisha yake, la hasha! Anaipenda kazi yake, anampenda mume wake siku nyingi za wiki. Lakini watoto wa shule wakija kununua sambusa, anawauliza saba mara nane kwanza, na anayekosea anarudi nyuma ya foleni. Basi Faiza, mtoto wake wa pekee, alipozaliwa, Hinda aliapa kimoyomoyo: ugonjwa wangu hautamfunga mwanangu. Siku moja akamwambia Makandi, na hakumwambia mtu mwingine.

Faiza akakua, akaenda Embu kusomea uuguzi. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho, wa mtihani mkubwa.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza. Baada ya Idd ya Ramadhani, Isaack, shemeji yake Hinda mwenye duka kule Kiambere karibu na bwawa, alipata mtoto wa kiume, akaita watu kwenye akika. Hinda na Faiza wakateremka pamoja. Kiambere ni joto, jamani, joto la kukufanya uzungumze na kuta. Walilala barazani kutafuta upepo. Chandarua kilikuwa kimoja, akafunikwa nacho mama mzazi na mtoto wake, kama ilivyo haki. Wageni wakajifunika leso, na mbu wa bwawa wakala akika yao. Kulipokucha walicheka, wakajikuna, wakala pilau. Kisha Faiza akarudi Embu kwenye vitabu vyake na mama mtu akarudi Kinoru kwenye karai lake.

Haikupita muda mrefu Hinda akaanza kutetemeka. Lakini mtu akisema anahisi baridi Meru, nani atamshangaa? Mlima uko pale unatazama. Alivaa sweta juu ya sweta, akanywa tangawizi yake mwenyewe. Makandi akamwambia, "Ni hewa ya huku tu, Mama Faiza. Kula ndizi." Alikula ndizi. Asubuhi moja sambusa zikaungua karaini na mwenyewe ameanguka kando ya jiko, anaongea na marehemu mama yake. Abdiqani na Makandi wakambeba mpaka hospitali. Kupimwa damu, ikawa malaria, tena ile mbaya inayopanda kichwani. Macho yalikuwa ya njano, midomo imepasuka, na dripu inaingia mkono huu na ule.

Alipopata akili kidogo, neno la kwanza lilikuwa, "Faiza asijue."

"Mama Faiza, uko karibu kufa!" Makandi akasema.

"Basi nikifa mwambieni. Nisipokufa, nyamazeni. Ana mtihani."

Akawaapisha wote wawili, Makandi kwa Biblia yake na Abdiqani kwa Kitabu. Na Faiza alipopiga simu, Hinda aliinuka kitandani na kukusanya sauti yote aliyobakiwa nayo.

"Hooyo, mbona sauti imekauka?" Faiza akauliza. Hooyo ndivyo anavyomwita mama yake, kwa Kisomali.

"Moshi wa jiko tu, mwanangu. Na wewe mbona unanong'ona?"

"Niko maktaba. Hawataki kelele."

"Soma, mama. Soma." Hinda akakata simu, akaanguka kwenye mto, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye bidii, anayeshinda maktaba mchana kutwa.

Kitu kimoja tu kilimuuma kuliko sindano. Abdiqani anaendesha lori la mizigo, na katika siku zile mbaya kabisa alikuwa anamwacha wodini, anapotea mpaka magharibi. Ukimuuliza, "Nimeenda Embu kufuata spea." Spea! Mke yuko kwenye dripu, mwanamume anafuata spea Embu, kana kwamba Meru nzima haina gereji! Makandi ndiye alikaa naye, akamwimbia nyimbo za kwaya mpaka mama wa kitanda cha pili akamuuliza Hinda alibatizwa lini. Hinda alipona, akarudi kwenye karai, akasamehe mbu. Ile spea hakuisamehe. Aliiweka moyoni akaifunika na jiwe.

Maisha yakaendelea. Faiza akafanya mtihani, akafaulu, akakaa Embu akijitolea hospitalini huku akiomba kazi. Ndipo siku moja Hinda akiwa anakunja sambusa akaona vidole vyake. Kwenye kila ukucha palikuwa na mfuo, mtaro mwembamba uliokatiza ukucha kutoka ukingo hadi ukingo, kana kwamba mtu amepitisha uzi akaukaza. Vidole vyote kumi. Alisugua, haukutoka.

"Ni sabuni," Makandi akasema.

"Sabuni nimeitumia maisha yangu yote."

"Basi ni kijicho. Kuna mtu anaonea wivu sambusa zako."

Hinda hakutaka kubahatisha. Alifunika karai, akaenda kliniki ya pale mtaani kwa Daktari Mwongera, kijana mpole anayekunywa chai yake kila siku. Mwongera aliitazama mikono, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya kucha moja baada ya nyingine.

"Uliugua sana miezi michache iliyopita," akasema. Hakuuliza, alisema.

"Nani amekwambia?"

"Kucha zako. Mwili ukipigwa na homa kali unaacha kazi ndogondogo, unapigania uhai kwanza. Kuotesha kucha ni kazi ndogo. Basi shina la ukucha linasimama kidogo, na ukipona linaendelea. Pale liliposimama pamebaki mfuo. Ungekuwa kwenye ukucha mmoja ningesema ulijibana na mlango. Lakini uko kwenye zote, tena umbali mmoja kutoka kwenye ngozi. Hiyo ni homa."

"Kwa hiyo bado naumwa?"

"Huumwi, mama. Hiyo ni alama ya vita vilivyokwisha. Ukucha unakua, unausukuma mfuo mbele, na ukifika nchani utaukata utupe. Ukiona mwingine umeanza nyuma yake na hukuugua, hapo uje tupime. Kwa sasa kula vizuri tu."

Hinda alishusha pumzi. Alikuwa ameshasimama aende zake wakati Mwongera alipoongeza, kwa wema tu, "Sisi tunafundishwa kuangalia kucha kabla hata ya kumuuliza mgonjwa jina. Nesi yeyote angekuona."

Nesi yeyote! Hinda akakaa tena.

Maana jioni ya juzi yake Faiza alikuwa amepiga simu akipiga na vigelegele: kazi imepatikana, hospitali moja kule Lodwar, anakuja nyumbani kuaga. Lodwar, Turkana, huko jua linakotokea kwenye ardhi! Hinda aliogopa akafurahi, akafurahi akaogopa, na furaha ikashinda. Na sasa huyu Faiza nesi anakuja kukaa wiki nzima na mama yake, wanakula sahani moja, mikono imewekwa hapo mezani. Akiona ataelewa. Akielewa atasema, Hooyo ulikaribia kufa na mimi sikuwepo, siendi popote. Hinda alimjua mwanawe. Damu yake mwenyewe, angekosaje kuijua? Angeshusha sanduku akakaa muhula mmoja tu.

Njiani kurudi akili ikamjia. Hina! Mwanamke wa Kiislamu akipaka hina kucha zote, nani atauliza? Akanunua pakiti, akakoroga na maji ya limau na majani makavu ya chai, akapaka kwa wingi, akakaa mikono juu mchana mzima huku Makandi akimkaangia sambusa, tena vibaya. Ilipokauka akabandua.

Makandi aliinama akatazama. Akainuka. Akatazama tena. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Mama Faiza, umeficha au umepigia mstari?"

Lo! Hina ilikuwa imejaa kwenye ile mifuo ikatuama. Kucha zilikuwa na rangi ya machungwa yaliyoiva, na katikati ya kila moja mstari mweusi tii, unaoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hinda akasugua kwa limau, kwa jivu, kwa dawa ya meno. Wapi! Hina ya ngozi hutoka yenyewe, lakini ya kucha ikishaingia imeingia, inaondoka ukucha unapokua. Haki ya Mungu alitamani kulia, lakini kicheko cha Makandi kinaambukiza, wakaishia kucheka wote mpaka wateja wakadhani kuna harusi.

Faiza akaja. Amekonda kidogo, amerefuka machoni pa mama yake, anacheka kwa sauti ya baba yake. Hinda alimpokea huku amevuta mtandio mpaka kwenye ncha za vidole. Alimimina chai na mtandio, alipakua wali na mtandio. Na ajabu ya Mungu, Faiza hakuitazama mikono yake hata mara moja. Alikuwa akitazama ukuta, akitazama sufuria, akitazama paka. Siku ya pili Hinda akalegeza mtandio. Siku ya tatu akausahau. Alijiambia, wanafundishwa kuangalia kucha? Huyu wangu labda alisinzia siku hiyo.

Kilichomkera ni kingine. Faiza alikuwa amepaka rangi ya kucha, zambarau iliyokolea, vidole vyote kumi, nzito kama ya kupakia mlango.

"Udhu utapita wapi hapo?" Hinda akauliza. Maana kila mtu anajua: hina inapitisha maji, rangi ya dukani haipitishi, na maji yasipofika kwenye ukucha udhu haukutimia.

"Hooyo, niko kwenye zile siku za kutoswali."

"Aa. Haya."

Lakini siku zikasogea na rangi ikabaki. "Siku gani hizo zisizoisha?" Hinda akasema. "Ndio unesi mliofundishwa huo?" Faiza akacheka, akambusu shavuni, akaenda kuosha vyombo. Alipotoka kwenye maji, sehemu moja ya rangi ilikuwa imebanduka. Muda si muda ikawa imepakwa tena. Hinda akaona hilo ni la kukomeshwa. Kwenda Lodwar na kucha za namna hiyo? Watu watasema hakufundishwa kwao. Akamwita Sahra, mpakaji hina wa mjini, aje Alhamisi alasiri. Binti hasafiri mikono mitupu, akasema, na kucha zitakuwa za hina kama za mama yake.

Alhamisi Sahra akatandika mkeka sebuleni, akapanga koni zake za hina, pamba, na kichupa cha kutolea rangi. Makandi naye akaja, amefunga kibanda, anataka ua moja dogo kwenye kiganja. "Dogo kabisa," akasema, "mchungaji asishtuke."

Sahra akamchora Makandi ua lake, kisha akamaliza viganja vya Faiza. Maua yalitambaa mpaka kwenye kifundo, mazuri ya kuimbwa. Akachukua pamba akaimwagia dawa.

"Kucha tuache," Faiza akasema haraka. "Viganja vinatosha."

"Hatuachi," Hinda akasema. "Toa, Sahra."

"Hooyo, tafadhali."

"Sahra, huyu ni mtoto na mimi ndiye mama. Toa."

Sahra, ambaye hakutaka ugomvi na mtu yeyote, akaushika mkono akafuta dole gumba. Pamba ikatoka zambarau. Hinda alikuwa ameinama kuhakikisha kazi inafanyika, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umeegemea mkekani kando ya mkono wa mwanawe.

Ukucha wa Faiza ulikuwa na mfuo. Mtaro mwembamba, kutoka ukingo hadi ukingo, katikati ya ukucha. Sahra akafuta wa pili, upo. Wa tatu, upo. Vidole viwili vya gumba vilikaa pale sako kwa bako, cha mama na cha mtoto, na mifuo yao ilikuwa mahali pamoja, kama mtu mmoja aliyegawanywa.

Makandi akasogeza kichwa aone vizuri.

"Uliugua lini?" Hinda akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Na wewe uliugua lini, Hooyo?" Faiza akajibu. "Mimi niliziona zako siku ile nilipofika, kabla sijaweka begi chini, mtandio ulipoteleza ukinikumbatia. Zimepigwa mstari, nani angezikosa?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ningetaja kucha zako ungetazama zangu."

Ikatoka yote, nusu kwa kilio. Wale mbu wa Kiambere hawakubagua. Wiki moja Hinda ameanguka kando ya jiko Kinoru, wiki hiyohiyo Faiza ameanguka kwenye ngazi za bweni Embu. Maktaba ya wapi? Alikuwa wodini, ana dripu, ananong'ona kwa sababu hana nguvu. Mama naye anajibu kutoka kitanda kingine kwamba ni moshi wa jiko. Walikuwa wamedanganyana wagonjwa wawili, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kuwa mzima.

"Nilijua ungeacha kila kitu uje," Faiza akasema. "Ungenirudisha nyumbani nikose mtihani. Ungesema kama Embu nimeshindwa, mahali pengine nitaweza vipi?"

Na hapo, ndugu yangu, ndipo Hinda alipojisahau. Aliona kitanda, aliona mtoto wake amelala peke yake, midomo imepasuka, hakuna wa kumpa hata tone la maji. Akamkamata Faiza kifundo, juu ya hina mbichi, maua yakavurugika.

"Basi huendi," akasema. "Huendi Lodwar. Kule nako kuna mbu, kule hatuna mtu. Kaa hapa. Kazi zipo hata hapa. Kaa nami kwanza, hata mwaka mmoja tu."

Faiza akainamisha kichwa. Hakubisha, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alikuwa tayari kukubali.

"Mama Faiza," Makandi akasema polepole, kiganja chake chenye ua kimeinuliwa kisiharibike. "Hiyo sauti ni ya nani? Maana si yako. Mimi naijua, ulinisimulia mwenyewe."

Hinda akatazama mkono wake. Ulikuwa umemshika mtoto kifundo, umekaza, palepale mama yake alipomshika yeye. Hata alijua unavyouma. Akauachia polepole, na hina ilikuwa imemwingia viganjani.

Mlango ukafunguliwa, Abdiqani akaingia na dumu la maziwa ya ngamia kutoka Isiolo, anaimba. Akaona wanawake wanne wamezunguka mkeka. Akaona pamba ya zambarau, akaona vidole vimelazwa pamoja. Aliweka dumu chini, akakaa kwenye kiti, akavua kofia.

"Alhamdulillah," akasema. "Sasa nitalala usingizi."

"Ulijua?" Hinda akauliza.

"La yupi kati yenu?"

"Abdiqani!"

"Wewe uliniapisha nisimwambie yeye. Saa hiyohiyo chuo kikanipigia simu, nikakimbia Embu, na yeye akaniapisha nisikwambie wewe. Mtu amekula viapo viwili, afanye nini? Nikawa nanunua machungwa mafungu mawili. Moja nakuachia hapa, moja napeleka kule. Nilikuwa nalia kuanzia Chuka mpaka Runyenjes, nikikaribia mjini najipangusa uso. Nikikuta huyu amekula uji, natamani nirudi nikwambie ufurahi, nakumbuka nimeapa."

"Ile spea," Hinda akasema.

"Spea ipi? Lori halikuwa na shida yoyote. Walinishangaa hata gereji."

Hinda alimtazama mume wake, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliyebeba wodi mbili peke yake na kutukanwa juu yake. Lile jiwe moyoni likabingirika likaenda zake. Alianza kulia, kisha Makandi akasema, "Ati machungwa mafungu mawili! Na mimi nikayala yale ya hapa yote, nikasema huyu bwana ni mchoyo analeta machache," na kilio kikageuka kicheko, hata Sahra aliyekuwa anajifanya hasikii akacheka mpaka koni ikamdondoka.

Walipotulia, Hinda akapangusa pua kwa mtandio. Akauchukua mkono wa mwanawe, safari hii kwa chini, kama unavyopokea yai. Akauweka kwenye paja la Sahra.

"Rekebisha hapo nilipoharibu," akasema. "Na kucha upake zote. Mtoto ana safari."

"Hooyo..."

"Unakwenda. Lakini mimi na wewe tumemaliza habari ya moshi wa jiko. Ukiugua nataka kujua siku hiyohiyo, na sitakuja mpaka uniite. Nitajifunga kamba kwenye meza ya Mama Gikunda."

"Na wewe ukiugua?"

Hilo lilikuwa gumu zaidi. Hinda alilitafuna kidogo.

"Na mimi," akasema.

Sahra akapaka. Hina ikatuama kwenye mifuo ya Faiza vilevile, mistari myeusi kumi, na Makandi akasema sasa wamefanana kweli, hata mpita njia atajua nani kamzaa nani. Jumamosi Faiza akaondoka. Zawadi ya mama yake ilikuwa chandarua, kikubwa, cha bluu, na Hinda alimwonyesha jinsi ya kukichomeka chini ya godoro kana kwamba nesi hajui. Faiza alisikiliza mpaka mwisho.

Mifuo ikaendelea na safari yake. Kila Ijumaa Hinda alikata kucha, kama dini ilivyomfundisha, na kila Ijumaa alikuta mstari umesogea kuelekea nchani. Mvua za vuli zilipokuwa zimeshika, Ijumaa moja, mkasi ukapita palepale kwenye mfuo. Nyuma yake ukucha ulikuwa laini, wa waridi, kama wa msichana. Akavikusanya vipande kwenye karatasi akavifukia chini ya mgomba wa Makandi nyuma ya kibanda, maana kucha hazitupwi ovyo.

Alikuwa bado ana udongo mikononi simu ilipolia.

"Hooyo, mko aje huko?"

Miaka yote jibu lilikuwa moja: wazima, alhamdulillah, wewe je. Lilimfika Hinda mdomoni kwa mazoea. Akalimeza.

"Nina mafua," akasema. "Mgongo unaniuma tangu juzi. Na jana nilikukumbuka mpaka nikaunguza karai zima la sambusa, nikamkaripia mteja bure."

Hinda akaanza kujuta. Ona sasa, umemtia mtoto wa watu wasiwasi, yuko kazini, yuko mbali.

"Hooyo," Faiza akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeweka mzigo chini. "Mimi jana nililia chooni kazini. Kuna mtoto tulimpoteza. Sijamwambia mtu."

Hinda alimwashiria Makandi aangalie karai. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka simu vizuri sikioni.

"Niambie," akasema.